Kupasha chuma joto kabla ya kupaka koti kwa leza, ili koti lisipasuke

Koti la leza (tabaka la chuma linalotokana na unga ulioyeyushwa kwa leza juu ya kipande) likipasuka watu wengi wanakimbilia kulaumu unga, au mashine, au nguvu ya leza, alafu wanaanza kuchezea seting zote kwa mpigo mpaka mwisho wa siku hawajui kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Kwa makoti magumu, mara nyingi sana shida iko chini ya koti: kipande kilikuwa cha baridi. Kukipasha joto kabla ya kuanza ndo njia rahisi kuliko zote za kupunguza nyufa, ila ina kipimo chake. Ukizidisha unaharibu kipande, ukipunguza unapata nyufa zilezile, na ukipasha vizuri alafu ukaacha kipande kipoe ovyo ni kama hujapasha kabisa. Kwa hiyo nitaeleza namna ya kulichagua joto, kulipata, kulishikilia na kulishusha, na digrii zote humu ni za Selsiasi.

KWA NINI KOTI LINAPASUKA

Leza inayeyusha unga pamoja na ngozi nyembamba ya chuma cha chini, inatengeneza dimbwi la upana wa milimita chache tu lenye joto la digrii 1500 na zaidi kama ni stili, wakati kipande chote kilichobaki kiko kwenye joto la chumba. Leza ikishasogea, ule wingi wa chuma baridi unalinyonya joto haraka sana, tunaongelea maelfu ya digrii kwa sekunde, na mstari ulioganda unataka kusinyaa lakini kipande cha chini hakiuruhusu, basi unabaki umevutwa.

Umevutwa kiasi gani? Piga hesabu: stili inatanuka kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii, na ugumu wake wa kuvutika ni GPa 200 hivi (GPa na MPa ni vipimo vya mkazo, GPa 1 ni MPa 1000). Ukiizuia kabisa isisinyae, kila digrii 100 inayoshuka inaleta mkazo wa kama MPa 240. Yaani ndani ya digrii 150 tu stili ya kawaida ya kujengea imeshavutwa kupita kiwango chake cha kuanza kunyooka. Chuma laini hapo kinanyooka kidogo na mkazo unapungua. Koti la HRC 60 (HRC ni kipimo cha ugumu, na 60 ni gumu sana) halina hiyo nafasi ya kunyooka, linapasuka.

Joto la awali linasaidia kwa njia tatu. Linapunguza tofauti ya joto kati ya mstari na kipande, linafukuza unyevu (unyevu ndo unaoleta haidrojeni, na haidrojeni ikiingia kwenye stili iliyokakamaa ni hatari), na linapunguza kasi ya kupoa. Hii ya kasi ndo watu wanaidharau. Kwenye kipande kinene, kasi ya kupoa ukifika joto fulani inafuata mraba wa tofauti kati ya joto hilo na joto uloanzia. Chukua pale stili inapopita digrii 550 ikishuka: ukianza na kipande cha digrii 20 tofauti ni 530, mraba wake 280,900. Ukianza na kipande cha digrii 300 tofauti ni 250, mraba wake 62,500. Gawanya, unaona kwamba kupoa kumepungua mara nne na nusu na hujagusa kitufe hata kimoja cha leza.

KABLA YA KUWASHA HITA, UTAZAME UFA

Hii hatua naisisitiza kwa sababu kupasha joto hakutibu kila ufa, kuna nyufa ambazo joto linaziongeza.

Ufa unaokata mstari kwa upana, mmoja baada ya mwingine kwa nafasi zinazofanana, huo ni wa mkazo wa kupoa. Mvutano mkubwa zaidi unakwenda kwa urefu wa mstari, ndo maana ufa unaukata kwa kuvuka. Huu mara nyingi unausikia kabla hujauona: leza imeshazimwa, kipande kinapoa, alafu kimya kidogo, tik, kimya, tik tena. Kila tik ni ufa. Huyu ndo mgonjwa wa joto la awali, na majibu yake huwa mazuri.

Ufa unaotembea katikati ya mstari kwa urefu, au unaofuata mipaka ya chembe za chuma kwa kujipindapinda, ukiufungua ukakuta kuta zake zimeshaungua rangi, huo ulitokea chuma kikiwa bado hakijaganda vizuri. Hapo ukipasha kipande unaliacha dimbwi likae moto muda mrefu zaidi na unaweza kuuzidisha. Dawa yake ni kuangalia salfa na fosforasi kwenye chuma cha chini, kupunguza kuchanganyika kwa koti na chuma cha chini, kubadilisha spidi na umbo la mstari, au kubadilisha unga. Inconel 718 ni mfano wa aloi ya nikeli ambayo nyufa zake nyingi ni za jamii hii, usitegemee hita iziondoe.

Ufa ulio chini ya koti, ndani ya ile sehemu ya stili iliyopashwa bila kuyeyuka, unaotembea sambamba na koti, ndo ule wa matensaiti (stili ngumu inayovunjika kirahisi, inazaliwa stili ikipoa haraka) na haidrojeni. Huyu ni mjanja, anaweza kutokea masaa kadhaa au hata siku nzima baada ya kazi kuisha na mteja keshachukua mzigo. Joto la awali linamshughulikia vizuri sana.

Koti likibanduka kutoka ukingoni, kwanza angalia usafi na kama leza iliyeyusha chuma cha chini kweli. Mambo ya joto yaje baadae.

KUCHAGUA JOTO: SAKAFU NA DARI

Kila kazi ina joto la chini kabisa linalohitajika na joto la juu kabisa ambalo kipande kinaweza kuvumilia. Kazi yako ni kukaa katikati. Watu wanauliza "nipashe digrii ngapi" kana kwamba kuna namba moja, hakuna, kuna nafasi kati ya sakafu na dari na wakati mwingine hiyo nafasi haipo kabisa, nitaifikia.

Sakafu inaanzia kwenye kemia ya chuma cha chini. Kama ni stili tumia kaboni linganifu: chukua asilimia ya kaboni, jumlisha manganizi gawanya kwa 6, jumlisha kromiamu na molibdenamu na vanadiamu kwa pamoja gawanya kwa 5, jumlisha nikeli na shaba gawanya kwa 15. Jibu likiwa chini ya 0.45 kupasha ni hiari yako, kufukuza unyevu tu kunatosha. Kati ya 0.45 na 0.60 anzia 100 mpaka 200. Likizidi 0.60 unaongelea 200 mpaka 370. Hizi ni namba walizozoea mafundi wa kuchomelea, na leza inapoza haraka kuliko welding ya kawaida kwa hiyo mimi naegemea upande wa juu wa kila fungu.

Tuchukue stili ya 4140 ambayo iko kwenye shafti kibao. Kaboni 0.40, manganizi 0.85, kromiamu 0.95, molibdenamu 0.20. Hesabu: 0.40, jumlisha 0.14, jumlisha 0.23, unapata 0.77. Iko juu kabisa. Sasa angalia na joto ambalo matensaiti inaanza kutengenezeka ikipoa: 539 toa mara 423 ya kaboni, toa mara 30.4 ya manganizi, toa mara 17.7 ya nikeli, toa mara 12.1 ya kromiamu, toa mara 7.5 ya molibdenamu. Kwa hiyo stili yetu inatoka kama 330. Hii inakwambia kitu muhimu: ukiishikilia shafti kwenye 300 muda wote wa kazi, matensaiti inayozaliwa ni kidogo, na iliyobaki inabadilika taratibu wakati kipande kizima kinashuka pamoja, haibadiliki kwa kishindo chini ya kila mstari.

Alafu koti lenyewe lina sauti yake. Stenlesi ya 316L au Inconel 625 juu ya stili yenye kaboni ndogo hazihitaji kupashwa, ni laini na zinavumilia. Stellite 6, aloi ya kobalti, ni ya kati, watu wengi wanakaa 200 mpaka 400 kulingana na unene wa koti na chuma cha chini. Yale makoti ya nikeli, kromiamu, boroni na silikoni yanayofika HRC 60 ndo yanasumbua, hayo 300 mpaka 500 ni kawaida. Makoti yenye kabaidi ya tangsteni (chembe ngumu sana) yanahitaji akili zaidi, kwa sababu kabaidi inatanuka kama nusu ya stili au chini yake kwa hiyo mkazo ni mkubwa, lakini pia dimbwi likikaa moto muda mrefu kabaidi inaanza kuyeyukia ndani ya nikeli na ikiganda upya inatoa chembe nyingine zenye kuvunjika kirahisi. Hapo unapasha, ndiyo, ila unapunguza na nguvu ya leza.

Dari sasa. Swali la kwanza kuuliza ni hiki: kipande hiki kilitempawa (kupashwa tena baada ya kukomazwa ili kisivunjike kirahisi) kwa digrii ngapi? Kama shafti ya 4140 ilitempawa kwa 550, joto la 300 haliigusi. Dai (chombo cha kutolea umbo la vipande) ya stili ya H13 iliyotempawa kati ya 540 na 600 inavumilia 300 mpaka 400 bila wasiwasi. Lakini gia iliyopikwa kaboni kwenye ngozi mara nyingi inatempawa kwa 150 mpaka 200 tu, ukiipeleka 300 umeshaua ugumu wa meno yote, hata yale ambayo hukuwa na mpango wa kuyagusa. Aluminiamu ya 6061 iliyokomazwa inapata nguvu zake kwenye 160 mpaka 180, kwa hiyo kaa chini ya 150 na usichelewe. Titaniamu ikipanda kupita 400 hivi inaanza kula oksijeni kwa kasi, inahitaji chumba cha agoni (gesi isiyounguza chuma), ile gesi ya kwenye nozo haitoshi. Stenlesi za jamii ya 300 usizipashe bila sababu, zinatanuka sana zinapinda, na zikikaa kati ya 425 na 850 muda mrefu kinga yao dhidi ya kutu inapungua.

Angalia pia vitu vilivyobaki kwenye kipande: sili za mpira, grisi, bushi, beringi iliyomwagiwa babiti ya bati (aloi laini, inaanza kuyeyuka kwenye 240 hivi). Toa kila kinachotoka.

Chuma cha kasti (cha kumiminwa, chenye kaboni nyingi) kina tabia yake. Au unakipasha kipande kizima, polepole, mpaka 300 hata 600 kwa vile vyenye umbo gumu, au usipashe kabisa ufanye mistari mifupi mifupi ukiacha ipoe. Kupasha upande mmoja tu wa kasti ni kukaribisha ufa kwenye upande mwingine ambao hata leza haijafika. Na kwa kasti anza na leya (tabaka) ya nikeli, kwa sababu pale koti linapokutana na chuma grafaiti (kaboni iliyomo ndani ya kasti) inayeyuka, kaboni inajaa, na kipande kidogo cha chuma cheupe kigumu kama kioo kinajitengeneza hapo.

Sasa ile hali ya nafasi kutokuwepo. Umepiga hesabu, koti linataka 400, kipande hakivumilii zaidi ya 180. Hapa usilazimishe. Paka kwanza leya ya kati ya kitu laini, Inconel 625 au 316L, ambayo itanyooka na kubeba mkazo, alafu koti gumu juu yake kwa joto dogo. Au shuka ugumu, chukua unga wa HRC 45 au 50 badala ya 60. Koti la HRC 50 ambalo ni zima litadumu kuliko la 60 lenye nyufa zinazoruhusu kutu ipite mpaka chini.

KUANDAA KIPANDE

Saga ngozi ya zamani mpaka chuma kisafi, alafu pima kwa rangi ya kupenya (inaingia kwenye nyufa na kuzionyesha) kabla hujapaka chochote, kwa sababu ufa wa zamani ukiufunika na koti utatokea juu tu. Viringisha kona kali. Osha mafuta. Kasti ya zamani iliyofanya kazi ndani ya oili ina mafuta kwenye vitundu, utaifuta leo na ukiipasha itatoa jasho jeusi tena, ipashe mpaka 200 au 300, ifute, irudie mpaka iache kutoa. Unga wa koti ukaushe pia, 80 mpaka 120 kwa saa moja mbili, unga wenye unyevu unatiririka vibaya na unaleta vitundu.

Na kipande chenye uwazi ndani, rola au shafti ya bomba iliyozibwa pande zote, LAZIMA itobolewe tundu la kupumulia kabla ya kupashwa. Hewa au maji yaliyofungiwa humo yakipata moto yanapasua kipande na yanaua mtu. Hili halina mjadala.

KULIPATA JOTO

Oveni ndo bora kwa sababu kipande kinapata moto sawasawa. Shida yake ni kwamba ukikitoa kinaanza kupoa, kwa hiyo uwe na hita nyingine ya kukishikilia pale kwenye mashine. Koili ya induksheni (inapasha chuma kwa sumaku ya umeme bila kukigusa) ni nzuri sana kwa shafti na rola, shafti inazunguka koili imetulia, na inaweza kuendelea kufanya kazi leza ikiwa imewaka. Pedi za seramiki zenye waya wa umeme zinafaa vipande vikubwa vya umbo la ajabu. Kwa sahani bapa, meza ya chuma iliyochomekwa hita za vijiti ndani inatosha.

Tochi ya gesi inafanya kazi ila ina masharti. Ukiiwasha juu ya chuma baridi utaona ukungu unatanda juu ya chuma, matone madogo kabisa. Watu wanasema chuma kinatoka jasho, hapana, ni mvuke wa maji wa gesi inayoungua unageuka matone pale. Endelea kupasha mpaka uso mzima upite 100 na ukungu upotee wote, usije ukaanza kazi juu ya unyevu ulouleta mwenyewe. Tembeza tochi, usiiweke sehemu moja, pasha kwa nyuma au pembeni ya eneo la kupaka, na masizi yakibaki yafute.

Kuna wanaotumia leza yenyewe, wanaipanua doa lake wanapita bila unga. Kwa kipande kidogo sawa. Kwa kikubwa piga hesabu kwanza: shafti ya kilo 20 kutoka 20 mpaka 300 inahitaji kama megajuli 2.8. Leza ya kilowati 2, ikinyonywa asilimia 40, inaingiza kilowati 0.8, hapo ni karibu saa nzima bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Hita ya kilowati 3 kwa hesabu hiyohiyo ni dakika 16.

Kiwango cha kuzoeleka cha kukaa motoni ni saa moja kwa kila milimita 25 za unene kama unatumia oveni. Uso kufika 300 hakumaanishi katikati kumefika. Ukitaka kujua, ondoa hita, subiri dakika 2 kwa kila milimita 25 za unene, alafu pima. Kama joto limeporomoka, ndani bado ni baridi, rudi.

KUPIMA JOTO, HAPA NDO WENGI WANADANGANYWA

Ile bastola ya infraredi inakadiria joto kutokana na mwanga usioonekana unaotoka kwenye chuma, na stili iliyosagwa ikang'aa inatoa mwanga kidogo sana, emisiviti yake (kipimo cha uwezo wa kutoa mwanga huo) inaweza kuwa 0.2 wakati bastola imesetiwa 0.95. Basi unasoma joto la chini kuliko la kweli, tena kwa mbali, unaongeza moto, na shafti imeshapita dari bila wewe kujua. Alafu uso ukianza kuungua rangi emisiviti inapanda, na namba inaruka ghafla wakati joto halijabadilika sana. Kama huna kingine, paka doa dogo la rangi nyeusi ya kuvumilia joto, nje ya eneo la koti, upime pale tu.

Themokapo (waya za kupimia joto kwa kugusa) ya aina ya K iliyobanwa vizuri au kuingizwa kwenye tundu dogo ndo ya kuaminika. Chaki za joto zinazoyeyuka kwenye digrii fulani nazo ni nzuri na hazihitaji betri, ila usichore pale koti litakapopita, zinachafua dimbwi. Mahali pa kupima: kiwango cha ISO 13916 kinasema kwa unene usiozidi milimita 50 pima umbali wa mara nne ya unene kutoka kwenye kazi, usizidi milimita 50, na kwa vinene zaidi angalau milimita 75. Na ukiweza pima upande wa pili ambao hauna hita. Ukiwa na themokapo mbili weka moja kila mwisho wa eneo, kwa sababu mwisho ulioshikwa na kibano cha lethi (mashine inayozungusha kipande) huwa baridi kuliko mwingine, kile kibano ni donge kubwa la chuma linalonyonya joto.

Na hapo kwenye lethi kumbuka kutanuka. Shafti ya mita moja ikitoka 20 mpaka 300 inaongezeka urefu kama milimita 3.4. Ukiwa umeibana pande zote mbili kwa nguvu inapinda katikati, na duara lake likiyumba umbali wa nozo unabadilika kila mzunguko, koti linatoka nene huku jembamba huku. Iache sehemu ya nyuma iweze kurudi, na uisawazishe upya kipande kikiwa cha moto. Kipenyo nacho kinaongezeka, milimita 100 inakuwa 100.34, kwa hiyo usipime unene wa koti kikiwa moto ukadhani umemaliza.

WAKATI WA KUPAKA

Seting ulizokuwa unatumia kwa kipande baridi hazifai tena. Chuma cha chini kimeshapewa nusu ya safari, dimbwi linakuwa refu na linachimba zaidi, koti linachanganyika sana na chuma cha chini na ugumu unashuka. Punguza nguvu ya leza kidogo kidogo au ongeza spidi, paka mistari ya majaribio kwenye kipande cha chuma kilekile, kikiwa na unene unaofanana na joto lilelile, kata, ng'arisha, uangalie. Unatafuta kuchanganyika kwa asilimia 5 mpaka 10 hivi na mshikamano usiokatika. Majaribio kwenye bapa jembamba la baridi hayakwambii chochote kuhusu shafti nene ya moto.

Alafu weka dirisha la joto, sio namba moja. Mfano 280 mpaka 330. Kipande kidogo kitapanda kwa joto la leza lenyewe, kikifika 330 simama usubiri. Kipande kikubwa kitashuka, na agoni inayopuliza inakipoza pia, kikifika 280 simama ukipashe tena. Pima kila leya. Usije ukasimama katikati ya kazi ukaenda kula ukaacha kipande kinapoa, kama lazima usimame, kiache juu ya hita.

Koti nene ligawe kwenye leya nyembamba, na usipake eneo kubwa lote kwa mwelekeo mmoja, badilisha mwelekeo au gawa kwa vipande vipande ili mkazo usijikusanye upande mmoja.

Kichwa cha leza nacho kinaumia. Kipande cha digrii 400 kinapiga joto juu kwenye nozo na kwenye kioo cha kinga, weka bati la kukinga, hakikisha maji ya kupoza yanatembea, na kagua kioo mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Kwa binadamu: leza hizi ni za daraja la 4, mwanga wake hauonekani, miwani iwe ya urefu wa wimbi wa leza yako hasa. Mvuke wa kobalti na nikeli uvutwe kwa feni ya kunyonya. Na chuma cha digrii 300 kinafanana kabisa na cha baridi, kiandikie MOTO kwa chaki ili mwenzako asikishike.

KULISHUSHA JOTO

Kazi nzuri nyingi zinaharibikia hapa. Leza imezima, mtu kachoka, anakiacha kipande kwenye meza ya chuma feni inapuliza. Usifanye hivyo. Kwa koti gumu lenga kama digrii 50 kwa saa. Njia nzuri ni kukirudisha kwenye oveni iliyo kwenye joto lilelile alafu kuishusha oveni kwa programu. Kama huna, kizike kwenye vamikulaiti kavu (punje nyepesi za kuzuia joto) au kifunge kwa blanketi la seramiki, juu chini pande zote, na uweke kitu cha kuzuia joto chini yake kwa sababu sakafu ya saruji inanyonya joto vibaya.

Kama dari inaruhusu, tuliza mkazo moja kwa moja kabla hakijapoa, 550 mpaka 650 kwa stili nyingi, saa moja kwa kila milimita 25, alafu shusha polepole. Hapa kuna mtego mmoja. Stili zinazotengeneza matensaiti kwa wingi, kama za dai, ukizitoa kwenye 350 ukazipandisha 600 kabla hazijabadilika, hujatempa kitu, zitabadilika baadae zikipoa na utabaki na matensaiti mbichi inayovunjika. Hizo ziache zishuke taratibu mpaka 100 au 150 ili zibadilike, alafu zipandishe kutempa bila kuchelewa.

KUKAGUA

Subiri kipande kipoe kabisa mpaka kishikike kwa mkono. Saga uso kidogo, osha, paka rangi nyekundu ya kupenya, iache dakika 10 mpaka 30, futa (futa kwa kitambaa, usimwagie kiosheo moja kwa moja kitaitoa rangi ndani ya ufa), nyunyiza poda nyeupe utazame. Ufa wa kuvuka mstari unatoka kama uzi mwekundu mwembamba. Rudia baada ya saa 24 mpaka 48 kwa stili yenye kaboni linganifu kubwa, ule ufa wa kuchelewa ndo unaotokea kipindi hicho.

Nyufa zikiwa bado zipo lakini zimepungua, na umbali kati yake umeongezeka, uko njia sahihi: panda digrii 50 kama dari inaruhusu, usiguse seting nyingine yoyote, jaribu tena. Zikiwa hazijabadilika kabisa hata baada ya kupanda mara mbili, rudi kwenye kuutazama ufa, inawezekana sio wa mkazo, au joto unalodhani lipo halipo na ni bastola inakudanganya. Zikitokea tu mwisho wa kila mstari, ni dimbwi linalozimwa ghafla, shusha nguvu taratibu pale mwishoni. Zikitokea upande mmoja tu wa kipande, pima joto upande huo kwanza. Na makoti mazito ya kabaidi kwa kazi za mchanga na mawe huwa yanakubalika na nyufa ndogo za kuvuka, mradi haziingii kwenye chuma cha chini, na mradi kipande hakibebi mzigo wa kupinda au kuzuia kitu chenye presha. Hilo ukubaliane na mwenye kazi kabla hujaanza, na liandikwe, pamoja na joto la kila leya ulilopima.